Karanga Kwenye Tanuri la Mkate

Mikate ya mwisho ilipotoka, tanuri lilikuwa bado la moto. Mwokaji hakupenda joto lipotee bure. Alichukua sinia la karanga, akalisukuma ndani, akafunga mlango wa bati.

Karanga zile zilikuwa jasho la mama yake. Mama alizilima mwenyewe nyuma ya nyumba. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeanza kumgomea, kwa hiyo siku ya kubangua alifanya kama alivyozoea. Aliyanyunyizia maganda maji ili yalainike. Akabangua upesi, akazifunga karanga kwenye gunia zikiwa na unyevu.

Baada ya wiki mbili walifungua gunia. Lilinuka kama chumba kilichofungwa muda mrefu. Karanga nyingi zilikuwa zimesinyaa, na nyingine zimevaa ukungu wa kijani.

Mama alizichagua, akazitia kwenye beseni mbili. Nzuri aliziweka za mbegu. Mbaya akasema ziliwe nyumbani.

"Zikishasagwa, nani atazijua?" alisema.

"Usiogope ukungu, mama," mwokaji alimwambia. "Hamira nayo ni ndugu yake, na ndiyo inayotulisha. Ila ikiingia humu tanurini haitoki hai. Na huo ukungu hautatoka hai."

Sasa ilikuwa siku ya tatu tangu waanze kuzila. Kila siku unga wa karanga zile uliingia kwenye uji wa Kidosho, bintiye mwokaji, mwenye miaka miwili.

Uani, mkewe alikuwa amempakata mtoto, kikombe mkononi.

"Fungua mdomo."

"Chungu," alisema Kidosho.

"Jana chungu, leo chungu. Siku hizi unadeka kama bibi harusi."

Wakati huohuo kwenye chumba cha tanuri aliingia bibi shamba, jirani yao, mtaalamu wa kilimo. Alikuja kuchukua mkate wake kama kila asubuhi. Aliupokea, lakini hakuondoka. Alinusa hewa.

"Jirani, umechoma nini humo?"

"Karanga za mama. Karibu uonje."

Mwokaji alivuta sinia nje. Bibi shamba hakuonja. Alipasua moja kwa kucha. Ndani ilikuwa na weusi.

"Nani anakula hizi?" aliuliza taratibu.

Kabla mwokaji hajajibu, kijiko kiligonga kikombe huko uani. "Haya, kimoja tu cha mwisho."

Bibi shamba alitoka. Mwokaji hakuwahi kumwona akitembea haraka namna ile. Alipomfikia, jirani alikuwa ameufunika mdomo wa kikombe kwa kiganja.

"Mama Kidosho, weka chini kwanza."

Mama yake mwokaji alisimama mlangoni, uso umemkunjamana. "Karanga zangu zina kosa gani, mwanangu? Nimezila hivi tangu nina meno yote, mpaka leo yamebaki manne."

"Samahani, mama. Si wewe, ni unyevu. Kuna kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri. Wanaacha sumu ndani. Tunaiita sumukuvu. Huioni, na yenyewe haina ladha. Uchungu anaoulalamikia mtoto ni wa karanga kuoza tu. Sumu hiyo inaharibu ini polepole na kumdumaza mtoto. Ikiwa nyingi, inaua."

"Lakini tanuri linaua kila kitu," alisema mwokaji. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Bibi shamba aliukata mkate wake katikati, akamwonyesha.

"Nani ametoboa mashimo haya?"

"Hamira."

"Iko wapi sasa?"

"Imekufa. Moto umeiua."

"Na mashimo?"

Mwokaji aliyatazama.

"Yamebaki," alisema.

"Basi na sumu imebaki. Mbebe mtoto, twende zahanati."

Kwenye benchi la zahanati, mwokaji alijaribu kukumbuka ni vijiko vingapi. Juzi sita. Jana vinne. Leo je? Mkewe hakumtazama. Alimkumbatia tu mtoto.

Tabibu alikagua weupe wa macho ya Kidosho. Akabonyeza tumbo upande wa ini.

"Sioni dalili mbaya," alisema. "Mrudisheni baada ya wiki. Akitapika, tumbo likivimba au macho yakiwa ya manjano, msingoje. Mleteni saa hiyo hiyo."

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Kila asubuhi mwokaji aliacha unga, akambeba mtoto mpaka mlangoni kwenye mwanga. Siku ya nne aliona manjano machoni mwa Kidosho, akageukia njia ya zahanati. Kumbe ni gauni la mkewe, lililoanikwa kwenye kamba mbele yao.

Siku ya saba, tabibu alisema mtoto ni mzima.

Mama alitaka karanga wapewe kuku. "Kuku nao wana ini, mama," alisema bibi shamba. Wakachimba shimo refu, wakazifukia.

"Na zile nzuri?" mama aliuliza.

"Zililala gunia moja na wagonjwa. Zisiliwe wala zisipandwe. Mbegu safi nitakutafutia."

"Basi kuvu wote ni maadui?"

"Hapana. Ile dawa ya sindano iliyokuponya kidonda cha mguu, asili yake ni kuvu. Hamira ni kuvu. Hata uyoga. Kila mmoja ana kazi yake, mama. Huyu kazi yake mbaya."

Msimu uliofuata, karanga zilianikwa juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Zilikaa juani mpaka zikalia ndani ya ganda zikitikiswa. Hakuna aliyegusa maji. Mwokaji alizibangua mwenyewe, kavu, mpaka ncha za vidole zikachubuka.

"Sasa unajua kwa nini nilikuwa nanyunyizia," mama alimcheka.

"Najua, mama. Wewe pumzika."

Zilizosinyaa na zilizovunjika walizitupa. Nzuri walizitia kwenye gunia kavu, wakaliweka juu ya mbao, mbali na sakafu.

Asubuhi ya kwanza ya uji wa karanga mpya, mwokaji aliacha mikate yake, akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Chungu?"

Kidosho alilamba kijiko pande zote mbili. Akamsukumia baba yake kikombe kitupu.

"Ongeza."