Mikono Iliyozoea Usukani Mbovu

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alifuta kioo cha mbele cha pikapu ya baba yake kwa kitambaa chenye maji, kisha akapanda na kuketi kando ya baba. Jina hilo alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake. Akianza kusimulia jambo, chai ilipoa mezani na watu wakachelewa kazini. Safari nzima ya kupanda mlima kwenda shuleni ilikuwa maneno matupu, isipokuwa mahali pamoja. Walipoikaribia Kona ya Korongo, Chiriku alinyamaza mwenyewe.

Barabara pale iliuzunguka mdomo wa korongo refu. Ukingo wa chuma ulivunjwa zamani na lori, na hakuna aliyejisumbua kuurudisha. Baba alianza kuuzungusha usukani mapema, kabla hata ya kuifikia kona, lakini pikapu iliendelea kwenda ilikokuwa ikienda. Chini ya sakafu kitu kiligonga, kok, kok. Ndipo magurudumu yalipogeuka, kama mtu aliyeitwa usingizini.

"Huyu Mzee ni kiziwi kidogo," Baba alisema akiipigapiga pikapu. "Unamwambia mapema, unamwambia sana, halafu unamsubiri asikie."

Alikuwa akibeba matofali kutoka tanuri la juu ya mlima kwenda mjini, na watu walimsifu kwamba hakuna dereva mwingine ambaye angeweza kuliendesha gari lile. Baba alizipenda sifa hizo kuliko ilivyofaa. Lakini asubuhi moja, baada ya kuipita kona, alipotaka kuinyoosha pikapu, ilikataa. Ilizidi kuelekea korongoni polepole, huku akiuzungusha usukani mikono ikipishana. Iliponyooka hatimaye, jiwe lilichomoka chini ya gurudumu likaporomoka. Walilisikia likigonga chini baada ya muda mrefu. Siku hiyohiyo Baba aliipeleka pikapu kwa dada yake.

Shangazi alikuwa na gereji karibu na shule. Aliingia chini ya gari na tochi yake, miguu tu ikabaki nje.

"Chiriku, tikisa usukani, kushoto na kulia."

Chiriku akautikisa. Baada ya kitambo sauti ikatoka chini, "Mbona huanzi?"

"Nimeanza zamani, shangazi!"

"Basi huku habari hazijafika bado." Shangazi akatoka, uso umejaa vumbi. "Kaka, unacheka? Fimbo hizi zinazotoka kwenye usukani kwenda kwenye magurudumu, tunaziita tairodi. Viungo vyake vyote vimelika. Kimoja kimebaki kushikwa na kutu tu. Ulikuwa unamwendesha mwanangu juu ya kutu."

Baba akaacha kucheka. Pikapu ikabaki gereji.

Kazi ilikamilika Jumamosi, siku ambayo timu ya mpira wa pete ya shule ilikuwa na mechi mjini. Baba aliahidi kuipeleka. Chiriku ndiye mfungaji wa timu, na kwa wiki nzima hakuna aliyepata amani kwa habari za mechi hiyo. Alifika gereji mapema akiwa amevaa sare ya michezo. Alimkuta Shangazi akifunga kofia ngumu haraka, na pikipiki ikimsubiri nje. Lori la mteja lilikuwa limezimika katikati ya barabara.

"Nampigia baba yako hapatikani," Shangazi alisema. "Kwa hiyo nisikilize wewe, tena usinikatize. Usukani sasa ni mzima, lakini mikono ya baba yako ni ileile. Imezoea kuukata sana na mapema. Akifanya hivyo leo, gari litageuka papo hapo na kutoka barabarani. Mwambie asipakie mtu wala mzigo. Aende kwanza uwanja wa shule, azunguke taratibu mpaka mikono izoee. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, shangazi."

Baba alichelewa kufika. Mwalimu wa michezo na wasichana walikuwa wamesimama kwenye geti la gereji, mabegi mabegani, kila mmoja akiitazama barabara. Timu ya mjini ilijulikana: ukichelewa kidogo tu, walidai ushindi bila kucheza. Chiriku alifikiria uwanja, kisha akafikiria kuzunguka taratibu, na moyo ukamkataza kusema. Gari si limepona? Na Baba si dereva wa miaka mingi?

"Shangazi yako kaacha maagizo gani?" Baba aliuliza akiwasha gari.

"Kasema usukani sasa ni mzima."

Hayakuwa maneno ya uongo, na ndiyo maana yalimtoka kirahisi. Yaliyobaki aliyameza.

Wasichana na mwalimu wakapanda nyuma. Pikapu ilipotoka getini tu, iliruka kushoto, kisha kulia. Wasichana wakapiga kelele na kucheka.

"Kumbe Mzee kapata masikio!" Baba alisema kwa furaha.

Chiriku hakucheka. Kila Baba alipokata kidogo, pikapu ilikata sana. Aliirudisha, ikarudi kupita kiasi. Mwalimu aligonga paa. "Taratibu, baba! Umebeba watoto!" Baba akaitikia na kupunguza mwendo, lakini mteremko ulikuwa umeanza, na gari likazidi kujivuta lenyewe. Huko nyuma wasichana walianza kuimba. Chiriku alizitambua sauti zao, moja moja. Alijiambia atasema wakifika kwenye mti ule. Mti ukapita. Akajiambia atasema kwenye nguzo ile. Nguzo nayo ikapita, na korongo likaonekana mbele upande wa kushoto, jeusi, bila ukingo.

Mabega ya Baba yakainuka. Mikono yake ikaushika usukani juu kabisa, kama ilivyofanya kila asubuhi, ikaanza kuukata kuelekea kushoto kabla kona haijafika.

"Baba, usikate! Simama! Shangazi kasema usipakie watu!"

Baba alikanyaga breki kwa nguvu zote. Matairi yalilia, kokoto zikaruka, wimbo ukakatika. Vumbi lilitulia. Gurudumu la mbele lilikuwa limesimama pembeni kabisa, na udongo ulikuwa ukimomonyoka taratibu chini yake.

Walishuka mmoja mmoja upande wa mlimani, kwa amri ya mwalimu. Msichana mdogo kuliko wote alitapika. Wengine wakamzunguka Chiriku, wakamkumbatia wakilia.

"Umetuokoa! Usingepiga kelele, tungekuwa kule chini sasa hivi!"

Ingekuwa rahisi kukubali. Chiriku aliwatazama wenzake, akaona aibu kuliko alivyowahi kuona maishani.

"Sikuwaokoa," alisema. "Shangazi aliniagiza tangu asubuhi nimwambie Baba ajizoeze kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka tuwahi mechi."

Mikono iliyomkumbatia ikalegea. Mechi haikuchezwa. Walipanda mlima kwa miguu, na njia nzima hakuna aliyemsemesha.

Shangazi aliporudi na kusikia, aliketi juu ya tairi kuukuu, akashika kichwa.

"Mimi nami nina kosa," alisema. "Ningeondoka na ufunguo. Lakini wewe, mwanangu, sikiliza. Ukitumwa neno, si lako hata upunguze. Umesema nusu iliyokupendeza, na nusu uliyoificha ndiyo iliyokuwa na roho za watu ndani yake. Mkweli hasemi tu lisilo la uongo. Husema lile ambalo mwenzake anahitaji kulijua."

"Nisamehe, shangazi."

"Kawaombe msamaha wenzako, na mzazi wa kila mmoja. Nitakusindikiza, lakini utasema wewe."

Kesho yake pikapu, ambayo Shangazi alikuwa ameivuta kutoka pale konani, ilikuwa katikati ya uwanja wa shule, tupu. Baba aliketi nyuma ya usukani bila kuugusa.

"Baba, jana uliogopa?"

"Nilikuwa naogopa kila asubuhi, mwanangu, tangu gari lilipoanza kulegea. Watu wakanisifu, nami nikaona haya kusema. Mwishowe nikazoea, nikadhani kuzoea hatari ni ujuzi. Tumekosa wote wawili, kwa kunyamaza." Akamgeukia. "Sasa niambie alivyosema shangazi yako. Yote."

Chiriku akamwambia yote, neno kwa neno, kabla gari halijawashwa.