Matone ya Babu

Jina la Umeme alipewa na mama yake akiwa na umri wa miaka sita, siku aliyotumwa chumvi dukani akarudi kabla maji hayajachemka. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limemganda. Alioga chapuchapu, akala chapuchapu, na akifagia ua, nusu ya takataka zilibaki pale pale zikimtazama. Shuleni hakuna msichana aliyemshinda mbio. Akichomoka kwenye mstari alikwenda kama mshale, wenzake wakabaki kuangalia mgongo wake.

Mama yake alikuwa mwoka mikate na aliondoka nyumbani alfajiri. Kwa hiyo kazi ya kumtia Babu dawa ya macho ilimwangukia Umeme.

Babu alikuwa fundi saa. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa karakana yake. Kilikuwa na meza ndefu kando ya dirisha na droo ndogo ndogo zilizojaa mishale ya saa na skrubu zisizozidi punje ya mtama. Ukutani zilining'inia saa kumi na nne, ambazo hazikupata kukubaliana hata siku moja. Babu hakujua kufanya kazi ya zimamoto. Mteja akimhimiza, alimjibu, "Kama unaitaka jana, ungeniletea juzi." Watu walicheka, kisha wakasubiri, maana saa iliyotengenezwa na Babu haikurudi tena mezani kwake.

Mwaka ule Babu alipatikana na presha ya macho. Daktari wa macho, mama mmoja mwembamba mwenye sauti ya chini, aliwaeleza wote watatu.

"Ugonjwa huu hauumi, na huo ndio ubaya wake," alisema. "Unakula uwezo wa kuona kimyakimya, na ukishaliwa haurudi. Kuna chupa mbili, zote mbili asubuhi na jioni. Weka tone la kwanza, afumbe macho dakika tano. Kisha tone la pili, afumbe tena dakika tano. Ukiyaweka kwa pamoja, la pili linalisukuma la kwanza nje, dawa inaishia shavuni."

Akawapa karatasi yenye visanduku, watie alama ya vema kila dawa inapowekwa.

Wiki za mwanzo Umeme alifuata kila neno. Kisha maandalizi ya mashindano ya shule yakaanza, na mwalimu wa michezo akatangaza kwamba mazoezi yatakuwa asubuhi, kabla ya vipindi. "Atakayechelewa, abaki huko huko alikochelewa," alisema. Dakika kumi za Babu zikaanza kumchoma Umeme kama upupu.

"Babu, tazama juu! Tone la kwanza hilo, na la pili hilo. Haya, tayari!"

"Tayari? Mbona hata sijafumba?"

"Umefumba na umefumbua, Babu. Inatosha!"

Babu alicheka, akajipangusa shavu kwa leso. Alipoirudisha leso mfukoni, Umeme alikuwa ameshatoka nduki, mkoba ukimpigapiga mgongoni.

Jioni nazo zikaanza kumponyoka. Alirudi amechoka, akala, akalala. Ili karatasi isimsumbue, kila Jumapili alikaa nayo akatia alama za wiki nzima kwa mpigo mmoja, hata za siku ambazo hazijafika.

"Mjukuu wangu, dawa ya jioni tumeweka?" Babu aliuliza siku moja.

"Tumeshaweka, Babu. Umesahau tu."

"Ahaa," Babu alisema, akitikisa kichwa polepole. "Nimesahau."

Baada ya hapo alimwuliza mara nyingi, na kila mara Umeme alimjibu vivyo hivyo. Mwishowe Babu akaacha kuuliza.

Miezi mitatu ikapita. Siku moja Umeme alimkuta Babu akimimina chai pembeni ya kikombe, na chai ikitiririka mezani. Siku nyingine alimkuta amepiga magoti sakafuni, akipapasa kutafuta skrubu iliyokuwa karibu kabisa na goti lake la kushoto. Umeme aliiokota, akampa, akaondoka. Hakutaka kuyafikiria hayo.

Kisha mteja mmoja akaja na saa yake ya mkononi. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyemjua Babu kwa miaka mingi. Aliifungua saa ile mezani mbele ya Umeme, aliyekuwa akifanya hesabu zake pale dirishani.

"Nimeichukua juzi, leo imesimama," alisema. "Tazama, gurudumu limekaa upande. Na mikwaruzo hii yote ni ya nini? Mzee mwenzangu, siku hizi unalipua kazi."

Babu aliishika saa, akaisogeza karibu na jicho, akaivuta mbali, akaisogeza tena.

"Nisamehe," alisema. "Iache, nitaanza upya."

"Hapana, nitaipeleka kwingine."

Mteja alipotoka, Babu alifuta meza, kisha akaifuta tena. Umeme aliinamia daftari lake, namba zikamchezea machoni. Babu hakuwa amelipua kazi yoyote maishani mwake. Aliyelipua alikuwa pale pale chumbani, ameshika kalamu.

Jioni ile Umeme aliweka dawa kwa utaratibu, tone moja, dakika tano, tone la pili. Lakini siku ya kurudi kwa daktari ilikuwa kesho yake.

Daktari alimziba Babu jicho la kulia, akamwambia asome herufi zilizokuwa ukutani.

"Herufi mmezificha wapi?" Babu aliuliza. "Naona ukungu tu."

Hakuna aliyecheka. Daktari alimpima jicho moja, kisha jingine, kisha akaomba ile karatasi. Aliipitia mstari kwa mstari.

"Hakuna hata siku moja iliyorukwa," alisema, akashusha pumzi. "Jicho la kushoto limeshaondoka. Na kama dawa imetumika hivi na bado presha imepanda, basi imeshindwa. Inabidi tulipasue jicho la kulia wiki hii, kabla nalo halijafuata. Upasuaji una hatari zake, lakini sioni njia nyingine."

Mama alikumbatia mkoba wake kama mtu anayezama. Babu aliuliza swali moja tu.

"Nitaweza kushika saa tena?"

"Siwezi kukuahidi, Mzee."

Umeme alitazama mlango. Ulikuwa wazi. Angeweza kusema mguu niponye, na kufumba na kufumbua angekuwa barabarani, hakuna ambaye angemkamata. Miguu yake ilikuwa tayari. Lakini kidole cha daktari kilikuwa bado juu ya karatasi, juu ya alama zake nzuri zilizojipanga kama askari.

"Dawa haijashindwa," alisema.

Mama aligeuka. "Unasema nini wewe?"

Umeme akaeleza. Alieleza matone yaliyowekwa kwa pamoja, jioni zilizorukwa, na alama za Jumapili. Maneno yaliyozoea kumtoka mbio yalitoka moja moja, kama mtu anayeng'oa miiba mguuni. Alipofika kwenye "umesahau tu, Babu," hakuweza kuendelea.

Daktari aliweka kalamu chini.

"Basi hatupasui," alisema. "Tunaanza dawa upya, ipasavyo, wiki sita. Kisha tutapima."

"Na jicho la kushoto?" Umeme aliuliza. "Ni mimi nimelipoteza?"

"Sitakudanganya. Ugonjwa huu huwaibia hata wanaotumia dawa vizuri. Huenda lingepotea, huenda lingepona. Hatutajua kamwe." Aliinua karatasi. "Lakini hili nalijua: ungenyamaza, ningeshika kisu kwa kuamini karatasi hii. Umesema kwa kuchelewa, lakini umesema."

Nyumbani Mama hakumpiga wala hakumgombeza. Alikaa kwenye kigoda jikoni na kulia, jambo lililomuumiza Umeme kuliko fimbo. Umeme aliingia karakanani, akapiga magoti mbele ya Babu.

"Nisamehe, Babu."

"Unajua kilichonitesa?" Babu alisema. "Si jicho. Uliponiambia nimesahau, nilikuamini. Nilidhani akili imeanza kuniacha. Usiku nilikuwa nikijihesabia majina ya watoto wangu nione kama bado ninayo yote."

Umeme aliangua kilio. Babu akamwacha alie. Baadaye aliuweka mkono wake kichwani mwa mjukuu wake, ukabaki hapo.

Wiki sita zile Umeme alichelewa mazoezini kila siku, na mwalimu wa michezo akampa nafasi yake msichana mwingine. Hakulalamika. Karatasi mpya aliijaza Mama, ambaye sasa aliuliza kwanza kabla ya kuandika. Walipopimwa tena, presha ya jicho la kulia ilikuwa imeshuka. Jicho lile lilikuwa limepona hatari, na upasuaji haukuhitajika.

Lakini jicho moja halitoshi kwa saa ndogo. Babu alijaribu siku tatu, siku ya nne akafungasha vibano na bisibisi zake nyembamba ndani ya sanduku la bati. Alibakiza vifaa vya saa za ukutani tu. Umeme alilibeba sanduku hilo hadi kwa fundi kijana wa mtaa wa pili, Babu akitembea kando yake.

"Mbio zako sizichukii, mjukuu wangu," Babu alisema njiani. "Kimbia, ushinde, nitakupigia makofi. Ila afya ya mtu ukikabidhiwa, mpe muda wake wote. Kama huo muda huna, sema huna, atafutwe mwingine. Na ukikosea, sema siku ile ile. Kuficha ndiko kulikotufikisha hapa."

"Nimesikia, Babu."

Fundi kijana alipokea sanduku kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kwa heshima. Babu alitoa mfukoni bisibisi ya mwisho, ile aliyoipenda, akanyoosha mkono kuiweka mezani. Aliiachia kabla mkono haujafika. Ikaanguka sakafuni.

Umeme aliiokota, akaipangusa kwa upindo wa gauni lake, akaiweka mahali pake. Kisha akazunguka, akasimama upande wa kushoto wa Babu, akamshika mkono, wakatoka.