Mkono Uliogeuza Mashine

"Umeinua mkono, Linah! Nimeuona na macho yangu!"

"Sijainua, Anko. Mikono yangu yote ilikuwa chini. Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

"Mwelekezaji gani anafunga kiatu mashine ikitembea?"

"Na dereva gani anageuka bila kuambiwa?"

Wasike alizima injini, akashuka. Cheni ya mashine ilikuwa imekanyaga kibanda cha sungura cha Mama Kabura, mwenye boma. Bahati nzuri kilikuwa kitupu. Mjomba na mpwa walisimama wakitazama mbao zilizovunjika, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuomba msamaha.

Mashine ya kuchimba visima haina usukani. Inatembea kwa cheni mbili pana za chuma, kama tingatinga, na dereva husimama nyuma akishika liva mbili, yaani vijiti vya chuma, moja kwa kila cheni. Akizisukuma sawasawa, mashine inaenda mbele. Akiizuia cheni ya kushoto huku ya kulia ikiendelea, inageukia kushoto. Akiisimamisha kabisa cheni moja, mashine nzima inazunguka juu ya hiyo iliyosimama, kama mlango juu ya bawaba.

Lakini wakati wa kutembea mnara wake wa kutobolea hulazwa, na ukilazwa unamziba dereva asione mbele vizuri. Kwa hivyo mwelekezaji hutangulia akitembea kinyumenyume, akimtazama dereva. Akiinua mkono upande fulani, cheni ya upande huo inazuiwa. Akiinua yote miwili, kila kitu kinasimama. Dereva hafikirii wala haulizi. Anatii mkono.

Wasike ndiye aliyemfundisha Linah kazi hiyo. Ndiye aliyemlea pia, tangu mama yake alipofariki. Kwa miaka miwili walikuwa wamepitisha mashine kwenye vichochoro vya nusu ya Eldoret bila kuvunja hata ua wa mtu. Sasa hapa Kimumu, mchana mweupe, kutoka langoni hadi mahali palipopigwa kigingi cha kuonyesha pa kuchimba, hatua hamsini tu, mashine ilikuwa imegeuka kushoto mara mbili, kuelekea kwenye majani marefu ya nepia ya kulisha ng'ombe.

"Huo mkono ulikuwaje?" Linah aliuliza, sauti yake imeshuka.

Wasike alijifuta uso. "Kama wako. Kizibao cha reflekta kama chako." Akasita. "Ila ulikuwa na matope hadi kwenye kiwiko."

Ilikuwa Januari. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tano.

Mbuthia, mwenye mashine, alifika kutoka mjini akiwa amekunja uso. Alipima cheni kwa mtaimbo, akaona haijalegea. Akaangalia oili, ikawa sawa. Akapanda mwenyewe, akairudisha nyuma hadi langoni, nayo ikaenda moja kwa moja kama imechorewa mstari.

"Wasike, umekunywa?"

"Bosi, hata chai sijakunywa."

"Basi kunywa chai, halafu uendeshe kama mtu. Mkinivunjia kingine, nyinyi wawili mtarudi kwenu Webuye na miguu."

Walianza tena. Linah alivua reflekta, akafunga kitambaa cheupe kwenye kila mkono ili mjomba wake asichanganyikiwe. Mashine ikanguruma. Akatembea kinyumenyume, polepole, ukuta wa jirani ukiwa nyuma yake upande wa kushoto wa mashine na nepia ikiwa imesimama mbele ya ukuta huo. Hatua kumi, salama. Hatua ishirini. Ndipo harufu ikamfikia, harufu ya udongo mbichi wa chini kabisa, ule unaotoka mita arobaini ambako jua halijawahi kufika. Lakini walikuwa hawajatoboa chochote.

Aliinua mikono yote miwili.

Mashine haikusimama.

"Anko! Simama!"

Alimwona Wasike akiwa ameinama pembeni ya mnara, macho wazi, na macho hayo hayakuwa yakimtazama yeye bali yalitazama juu ya bega lake, kwa utulivu na utiifu, vile alivyokuwa akimtazama yeye kila siku, na nyuma yake akasikia nepia ikisuguana ingawa hakukuwa na upepo, na kisha cheni ya kushoto ikasimama tuli, ya kulia ikazidi mbio, na chuma chote kikaanza kuja kwake kwa mzunguko, kikimsukuma kuelekea ukutani, hatua moja, hatua mbili, hadi mgongo wake ukahisi baridi ya majani yaliyolowa mahali ambapo kila kitu kilikuwa kikavu.

Mtu mwingine angekimbia mbali na mashine. Lakini hapakuwa na pa kukimbilia. Linah alikumbuka kitu kimoja tu: cheni iliyosimama haikanyagi mtu. Akajitupa mbele, akaikimbilia mashine yenyewe, upande wa ndani wa mzunguko, hadi akaegemea ile cheni ya kushoto ambayo ilikuwa ikisaga udongo bila kwenda popote. Juu yake palikuwa na kitufe chekundu cha kuzima injini. Akakipiga kwa ngumi.

Injini ikafa. Katika kimya hicho cheni zilitoa mlio mmoja zaidi, tak, kana kwamba kuna aliyezigonga kwa kidole.

Wasike alishuka. "Umenipungia nije," alisema. "Linah, ulikuwa unanipungia nije. Ulikuwa unatabasamu."

Mama Kabura alikuwa ameona yote kutoka mlangoni kwa jiko. Alikaa chini kwenye ngazi, akajifunika uso kwa leso.

"Ningewaambia," alisema. "Hapo kwa nepia palikuwa na kisima. Mume wangu Gathogo alimwandika mtu wa kuchimba kwa mikono. Siku ya tisa huyo mtu akatoka akasema kuna mwenzake huko chini anayemwonyesha mahali pa kupiga sururu. Tukamcheka. Kesho yake akashuka, baadaye akavuta kamba mara mbili kama kawaida, tukavuta ndoo. Ndoo ilikuja na nguo zake, zimekunjwa vizuri kama za dukani. Mtu mwenyewe hakuwepo. Gathogo akakifukia."

"Na ukanyamaza?" Mbuthia alifoka.

"Ungekubali kuchimba hapa, baba? Miaka sita nanunua maji ya mkokoteni."

Mbuthia alitoa simu. Akampigia Mama Perez, mwombezi wa mtaa, aliyefika kwa boda boda na Biblia chini ya kwapa. Mama Perez alinusa hewa, akazunguka mashine mara moja, kisha akamshika Wasike kidevu kama mtoto.

"Umeutii mkono huo mara ngapi?"

"Tatu, Mama."

"Pepo huyu hawezi kusukuma chuma. Angeweza, angekuwa ameshafanya. Anatafuta mtu anayetii mkono. Aliyekuwa kisimani alikuwa mtu wa kutii, na wewe pia ni mtu wa kutii." Akamwachilia. "Leo utamkatalia wewe mwenyewe. Ukimpa cheni moja tu, amekuchukua."

Mbuthia alifunga kamba ya fundi kutoka langoni hadi kwenye kigingi. Wasike akapanda, akafungwa macho kwa leso ya Mama Kabura. Linah akasimama nyuma yake, mikono yake juu ya mikono ya mjomba kwenye zile liva, akiangalia chini pembeni ili cheni ifuate kamba. Mama Perez alitembea kando akiomba kwa sauti.

Walipofikia nepia, mikono ya Wasike ilianza kuvuta. "Naona hata nikiwa nimefumba," alinong'ona. "Ananiita kwa jina langu la nyumbani, Linah, lile marehemu mama alikuwa akiniita, anasema kushoto kidogo, kidogo tu, anasema nimechoka na yeye atanionyesha." Liva ya kushoto ikarudi nyuma, na Linah akaisukuma kwa uzito wake wote, kifua chake mgongoni kwa mjomba, harufu ya tope ikiwa imewajaa puani na mdomoni hadi wakashindwa kumeza mate, na jasho la Wasike likamtiririkia vidoleni likiwa baridi kama maji ya kisima.

"Sawasawa, Anko. Zote sawasawa. Mwambie hapana."

"Linah..."

"Mwambie!"

"Hapana!" Wasike alipiga kelele, na akazisukuma zote mbili mwenyewe.

Mashine ilienda moja kwa moja. Nepia ikalala chini yote kwa mara moja, kisha ikainuka. Harufu ikakatika. Walipofika kwenye kigingi Mama Perez alisema amina, Mama Kabura akapiga vigelegele, na hata Mbuthia alicheka akisema sasa chai ni juu yake. Kufikia siku iliyofuata walikuwa wamepata maji safi, mengi.

Jumatatu asubuhi walitakiwa kwenda Ainabkoi kwa kazi nyingine. Linah alikuwa chumbani kwake, ameshapanga begi, akichana nywele mbele ya dirisha. Jua lilikuwa limeingia hadi kitandani. Wasike alibisha hodi, naye akaenda kumfungulia. Alifurahi kumwona amenyoa ndevu, amevaa ovaroli safi, uso wake umerudi kuwa wa mjomba aliyemjua.

"Karibu ndani, Anko. Chai iko."

Wasike aliinua mguu kuvuka kizingiti, lakini ukabaki hewani. Macho yake yaliondoka usoni kwa Linah, yakapanda taratibu juu ya bega lake, yakatulia hapo.

"Usigeuke, Linah," alisema kwa sauti ndogo. "Ananipungia nije."