Losheni ya Kwenye Kidaka

Losheni ilikuwa imepungua tena.

Bridgit aliinua chupa akaielekeza kwenye mwanga wa mlango. Jana asubuhi alikuwa amechora mstari mwembamba wa kalamu ya buluu pembeni mwa chupa, pale losheni ilipofikia. Leo ilikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole kizima. Yeye alikuwa amebonyeza mara mbili tu, kama kila siku, alipotoka kuoga na ngozi bado ina unyevu. Mara mbili haziwezi kumaliza kidole.

Akairudisha kwenye kidaka, akakishusha kipazia cha uzi alichokifuma mwenyewe.

Chumba alichopanga kilikuwa ndani ya nyumba ya zamani ya mawe, karibu na soko la kale la Malindi. Ukutani palikuwa na kishimo kilichojengwa makusudi, chenye upinde juu, cha kutosha kukaa taa. Wenyeji walikiita kidaka. Bridgit, aliyetoka Meru kumfuata mumewe pwani, aliona ni rafu nzuri. Kwanza aliweka humo kichana na Biblia. Kisha Yaseen, mwenye duka la vipodozi alikofanya kazi, alimpa chupa ile ya Kikorea siku aliporudi kutoka likizo ya uzazi, akisema mama mtoto naye anastahili kunukia. Chupa ilikuwa nzuri mno kuachwa chini, basi Biblia ikahamia mezani.

Mchana, mtu mmoja tu aliingia chumbani humo. Bi Kamaria, mwenye nyumba.

Bridgit aliona aibu kumfikiria hivyo. Bi Kamaria ndiye aliyemlea mtoto wake, Easter, kila siku ya kazi. Mtoto alizaliwa alfajiri ya Pasaka, na wiki zile za mwanzo Bi Kamaria alimpikia Bridgit uji wa pilipili manga, akamkanda mgongo kwa maji moto, akakesha naye usiku mtoto aliposumbuliwa na tumbo, maana Gerishom, mumewe, alikuwa kwenye mashamba ya chumvi Gongoni na alirudi Jumamosi tu. Mama yake mzazi asingemfanyia zaidi. Lakini chupa haina miguu.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo lilimwuma kuliko losheni. Easter alikuwa ameanza kulikataa ziwa la mama yake.

*

"Labda ni Gerishom," Phoebe alisema dukani, huku akipanga chupa rafuni. "Anajipaka akija, anukie kama bibi arusi huko kwenye chumvi."

"Gerishom hajui kitu zaidi ya mafuta ya mgando."

"Basi ni panya. Panya wa Malindi wanapenda maringo."

Phoebe alikuwa na mimba ya miezi saba, na kicheko chake kilitikisa tumbo lote. Bridgit alimpenda sana. Mwezi uliopita, Phoebe alipolalamika kwamba ngozi ya tumbo inakauka na kumwasha, Bridgit alimletea kikopo kidogo cha losheni, asiwaze tena habari yake. Alikuwa mtu anayesahau haraka alichotoa.

Mteja aliingia, msichana mwenye haraka, akafungua chupa ya sampuli na kunusa kifuniko chake.

"Usinuse kwenye kifuniko, dada," Bridgit alimwambia kwa upole. "Hapo unanusa chupa. Paka kidogo kwenye kifundo cha mkono, nenda mpaka soko la samaki, urudi, ndipo unuse. Kila ngozi inageuza harufu kivyake. Kwako inaweza kuwa ua, kwangu ikawa sukari iliyoungua. Na joto hili, chukua ile nyepesi. Nzito itakuumiza kichwa kabla ya saa sita."

Hicho ndicho kipaji chake. Darasa la nane ndilo lililokuwa mwisho wa masomo yake, lakini pua yake ilimfanya Yaseen amwite daktari. Angeweza kufumba macho akakutajia losheni fulani imepakwa na nani.

Jioni hiyo pua ikamwambia kitu asichokitaka.

Alimchukua Easter kutoka mikononi mwa Bi Kamaria, akambusu shingoni, na shingo ikanukia losheni yake. Maua yale meupe, laini kama poda. Lakini haikuwa imekaa vile ilivyokaa kwenye ngozi yake mwenyewe. Chini ya maua kulikuwa na ubaridi, harufu ya maji ya kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Aliketi kumnyonyesha. Mtoto alivuta mara mbili, akaachia, akageuza uso kuelekea ukutani.

"Shikamoo Bi Kamaria," Bridgit aliita kutoka mlangoni, kana kwamba ndiyo kwanza afike. "Nipe mkono wako kidogo. Kuna losheni mpya dukani, nataka kujua itakufaa."

"Marahaba. Mie mzee, losheni ya nini?" Bi Kamaria alicheka, lakini alimpa mkono.

Bridgit aliinama akanusa. Karafuu. Mafuta ya nazi. Sabuni ya kufulia. Hakuna kingine.

"Kuna nini, mwanangu? Mbona umenishika hivyo?"

"Hakuna kitu, mama."

Aliurudisha mkono ule taratibu. Basi ni nani?

*

Ijumaa, Yaseen hufunga duka saa sita watu waende msikitini. Kwa kawaida Bridgit hupitia sokoni kununua mboga. Ijumaa hiyo alikwenda nyumbani moja kwa moja, bila kumwambia mtu.

Vichochoro vilikuwa vitupu. Jua lilikuwa utosini na kuta hazikuwa na kivuli. Alivua ndala mlangoni ili asisikike, akajiona mbaya kwa kufanya hivyo, kama mwizi anayemnyatia mtu aliyemtendea mema.

Kupitia dirisha la uani alimwona Bi Kamaria kwenye mkeka wake, amesujudu. Yuko peke yake. Mtoto hayuko naye.

Mlango wa chumba cha Bridgit ulikuwa umerudishwa tu. Ndani, Easter alikuwa anacheka.

Kisha akausikia mlio alioujua vizuri. Pampu ya chupa ile, ukiibonyeza, ililia kama mtu anayesonya. Ikasonya mara moja. Ikanyamaza. Ikasonya tena.

Aliusukuma mlango kwa ncha ya kidole, na harufu ikamjia kwanza, maua na kisima, nzito kiasi kwamba mate yalimjaa mdomoni, kisha akaona kipazia chake kimekunjwa vizuri pembeni ya kidaka, kama mtu mwenye adabu anavyokunja pazia la mwenzake, na pampu ya chupa inashuka yenyewe polepole mpaka chini na kupanda tena bila mkono wowote kuigusa, na chini, kitandani, Easter amelala chali bila nguo, anarusha miguu, na juu ya paja lake losheni nyeupe inatandazwa, inavutwa kutoka gotini kwenda nyongani, ikiacha michirizi minne iliyolingana, minne mirefu kuliko vidole vya mtu yeyote aliyemjua, taratibu, kwa upendo, na hilo la upendo ndilo lililomtoa Bridgit pumzi, kwa sababu alijua mkono unaompenda mtoto unavyokwenda, na huo ulikuwa unakwenda hivyo hasa, na mtoto wake alikuwa anautazama mwanya mtupu juu ya kitanda kwa macho ambayo tangu azaliwe alikuwa akimtazamia mama yake peke yake.

"Easter!"

Mtoto alishtuka. Bridgit alimnyakua, akambana kifuani, na Easter akalia, akijinyoosha kwa nguvu kuelekea kidakani, mikono yote miwili mbele, kama mtoto anayetolewa kwa mama yake na kupewa mgeni.

*

"Nilimlaza humo kwa sababu ndimo mwenye ubaridi," Bi Kamaria alinong'ona. Alikuwa amekuja mbio, mtandio bado kichwani. "Niliswali tu mara moja. Amefanya nini?"

"Niambie wewe! Kuna nini ndani ya chumba hiki?"

"Punguza sauti."

"Nani anampaka mwanangu losheni, Bi Kamaria?"

Bi Kamaria aligeuka akaona kidaka kiko wazi, na ndani yake chupa. Akakaa kitini.

"Umeiweka lini humo?"

"Miezi miwili."

"Nami nilijua nyuma ya kile kipazia kuna kichana na kitabu chako. Harufu nilidhani ni yako wewe, ya mwilini." Alijifuta uso. Sauti yake ilishuka zaidi. "Kidaka hicho kina mwenyewe. Bibi yangu alimwekea marashi kila Alhamisi, na mama yangu baada yake. Hana shari. Alitaka harufu nzuri tu, na kuachwa. Mama alipokufa nikaacha kuweka, naye akanyamaza. Miaka kumi na moja kimya."

"Na hukuniambia."

"Niliogopa utahama." Bi Kamaria alimtazama mtoto, machozi yakimlenga. "Nyumba hii ilikuwa kama kaburi. Ulipokuja ikawa na kilio cha mtoto, ikawa na mtu wa kuniamkia. Nilikuwa mchoyo, mwanangu. Nisamehe."

Bridgit alitaka kukasirika, akashindwa. "Lakini kwa nini Easter? Kama anataka losheni, achukue losheni."

"Kinachowekwa hapo ni chake, hakirudishwi. Hilo ndilo agano. Wewe uliweka, ukachukua, ukaweka tena. Kila asubuhi mmejipaka naye chupa moja. Kwake yeye huo ni undugu. Na mtoto wa ndugu yako..."

Kwenye shingo ya Easter, alama ya kidole kirefu cha losheni ilikuwa bado haijakauka.

"Unajua la kufanya?"

"Alilonifundisha mama. Lakini nijibu kweli. Losheni hiyo, kuna iliyobaki kwingine? Tone lolote? Maana tutamwambia yote ni yake, na hao hawadanganywi."

Bridgit alifikiri. Alivua kanga aliyokuwa amejifunga, maana ilinukia. Akatoa shuka na mto. Akamwaga maji ya beseni.

"Hakuna," alisema. "Yote ni hiyo."

Bi Kamaria alichemsha majani ya mkunazi, akawaogesha mama na mtoto uani, kutoka utosini hadi unyayoni, mara tatu, akisoma dua kwa sauti ndogo. Kisha akasimama mbele ya kidaka bila kuingiza mkono. "Twakurudishia haki yako," alisema. "Yote ni yako, hakuna iliyobaki kwetu. Undugu umekwisha. Mtoto ana mama mmoja."

Ndani ya kidaka, pampu ilisonya mara moja.

Kesho yake Gerishom alirudi, akasikiliza bila kuuliza sana, akachanganya saruji. Alikiziba kidaka na chupa ikiwa ndani, akapiga chokaa juu mpaka ukuta ukawa ukuta. Siku saba Bridgit hakupaka chochote mwilini. Alinuka jasho na maziwa, na siku ya tatu Easter alilinusa ziwa, akalishika kwa mikono miwili, akanyonya mpaka akalala. Bridgit alilia, na Bi Kamaria, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akalia naye.

*

Mwezi ulipita. Bridgit hakuhama, wala hakutaka kuhama.

Jumatatu moja Bi Kamaria alikwenda Mnarani kwenye arusi ya jamaa yake, hivyo Bridgit akaja dukani na mtoto. Asubuhi wateja walikuwa wachache. Alikaa nyuma ya meza akimnyonyesha, Phoebe akiwa amesimama mbele yake, tumbo limeshuka, siku zake zimekaribia.

"Mama Easter, nimekuletea kikopo chako," Phoebe alisema. "Nikianza likizo nitakisahau."

"Kikopo gani?"

"Kile cha losheni, jamani. Uliyonipa ya tumbo."

Bridgit alimvuta Easter karibu zaidi na kifua.

"Ninapaka kila siku, asubuhi na jioni," Phoebe aliendelea, akifungua kifuniko kwa ukucha. "Hebu tazama. Nilidhani itakwisha kwa wiki moja. Sijui hawa Wakorea wanaweka nini."

Kikopo kilikuwa kimejaa mpaka ukingoni, juu pamesawazishwa kwa kidole.

"Na mtoto wangu anaipenda! Nikiipaka tu anaamka. Anajisogeza upande mmoja wa tumbo, upande wa ukutani, kama kuna mtu anamwita." Alicheka. "Mbona unanitazama hivyo, dada?"

"Phoebe," Bridgit alinong'ona. "Funga hicho kikopo. Kiweke chini. Usikiguse tena."

Lakini harufu ilikuwa imeshatoka, ile ambayo siku zote ilizamishwa na marashi ya dukani. Maua meupe, laini kama poda, na chini yake maji ya kisima kilichofunikwa.

Easter aliliachia ziwa. Taratibu aligeuza uso, akatazama juu ya bega la Phoebe, mahali palipokuwa na rafu na hewa tupu, akacheka kile kicheko cha Ijumaa ile. Akanyoosha mikono miwili.

Phoebe aligeuka kutazama nyuma yake.

"Anamchekea nani?" akauliza.

Bridgit alikuwa anajaribu kumrudishia mtoto ziwa, tena na tena, na Easter alikuwa ameufumba mdomo.