Nyumba Isiyo na Milango

Kila asubuhi, katika nyumba ya fundi seremala, aliyeingia bafuni aliimba. Hakuimba kwa furaha. Aliimba ili wengine wajue kuna mtu, maana bafu lilikuwa na pazia tu. Mama ndiye aliyeimba kwa hasira kuliko wote, mkono mmoja umeshika pazia, mwingine sabuni.

“Mji mzima unatengenezewa milango,” alilalama, “mimi naoga kama niko sokoni!”

Fundi aling'oa milango yote ya ndani kwa ajili ya binti yake wa darasa la saba, aliyeitwa Cheche kwa ukali wake. Siku moja kaka yake alimfungia kwa mzaha kwenye stoo ya karakana, akaenda kucheza mpira, akamsahau. Cheche aligonga, akalia, akaita, lakini mashine ya kuranda mbao ilikuwa ikinguruma, hakuna aliyemsikia. Alipotolewa, sauti ilikuwa imemkauka. Tangu hapo, mlango wa chumba alichomo ukifungwa tu, damu inamchemka.

Basi, siku moja darasani upepo ukawa unapeperusha karatasi. Mwalimu wa hesabu akafunga mlango. Cheche aliinuka, akapindua dawati, akaupiga mlango teke mpaka ubao wake ukapasuka.

“Nifungulieni! Mna wazimu nyie?”

“Mama Mlango kaanza!” wenzake wakacheka. Akamrukia aliyekuwa karibu, akamrarua kola.

Mwalimu mkuu aliwaita wazazi. “Mtihani wa mwisho unafanywa mlango umefungwa,” alisema, akigonga meza. “Akileta fujo hizi, atatolewa nje, na mwaka wake umepotea. Mtoto huyu ni mkorofi tu.”

“Si mkorofi!” Mama akafoka. “Mwanangu ana jambo.”

Wakampeleka zahanati, kwa mshauri wa watoto, mama mmoja asiye na haraka. Hakutoa sindano wala vidonge. Alimwuliza Cheche mwili wake unafanya nini mlango ukifungwa.

“Moyo unanipiga hapa kooni. Mikono inatoka jasho. Halafu nakasirika.”

“Unaogopa kwanza, ndipo unakasirika. Watu wanaiona hasira, woga hawauoni. Mwili wako unadhani bado uko stoo, ndiyo maana unapiga kengele ya hatari. Huo si wazimu, na unatibika.” Akamgeukia fundi. “Nyumbani mnamsaidiaje?”

Fundi akatabasamu. “Milango yote nimeng'oa, mama. Kwa mikono yangu hii.”

“Irudishe.”

Tabasamu likamtoka. “Nimrudishie mtoto mateso?”

“Baba, kila unapoung'oa mlango, mtoto anaona kweli ulikuwa hatari. Hajapata nafasi ya kukaa akaona kwamba hakuna kilichomla. Tutakwenda polepole. Hatafungiwa na mtu. Atafunga mwenyewe, kitasa kiko mkononi mwake.”

Jioni ile fundi alipokuwa akikaza bawaba, Cheche alimsimamia kichwani. “Umenisaliti, baba! Huna tofauti na yule!” Akamnyooshea kaka yake kidole.

Kaka mtu alikuwa anajichekea pembeni. Mama akamshika sikio. “Unacheka nini? Si wewe uliyeyaleta haya? Omba radhi!”

“Nisamehe, mdogo wangu. Nilidhani ni mchezo.”

“Leo sikusamehi,” Cheche akajibu. Hakuna aliyemlazimisha.

Kwa mshauri walianza na mlango ulioegeshwa, wakiwa wote wawili ndani. Kisha ukafungwa, mshauri akiwa nje. Cheche alitoa pumzi taratibu kama anayepoza chai, alivyofundishwa. Akishindwa, alitukana. “Mlango gani wewe! Nitakufanya kuni!”

“Kasirika utakavyo,” mshauri alimwambia kutoka nje, “ila usitoke mpaka moyo utulie.”

Moyo ulipanda, ukapanda, Cheche akadhani utapasuka. Halafu ukachoka wenyewe, ukaanza kushuka. Alishangaa. Zipo siku alizokimbia, ikabidi waanze tena na mlango ulioegeshwa. Nyumbani alijizoeza chumbani, kisha bafuni, mwisho ndani ya stoo yenyewe, huku kaka yake akizuiwa hata kukaribia.

Siku ya mtihani msimamizi alifunga mlango. Jasho likamtoka Cheche, kalamu ikamteleza vidoleni. Msimamizi, aliyekwisha kusikia habari zake, akamsogelea.

“Nikufungulie kidogo?” alinong'ona.

Cheche alitamani kusema ndiyo. Akauma meno. “Hapana, mwalimu. Uache hivyo hivyo.”

Akatoa pumzi. Swali la kwanza alilisoma bila kulielewa, akalisoma tena. Kisha akaanza kuandika. Hakuinuka mpaka karatasi zilipokusanywa.

Wiki ile wakarudi kwa mshauri.

“Bado naogopa!” Cheche alisema kwa uchungu. “Na inaniudhi!”

“Najua. Lakini mtihani umeufanya wote. Kupona si lazima woga uishe kabisa. Unaogopa, na kazi yako unaimaliza.” Mshauri akawatazama wazazi. “Na ninyi, mwenye woga msimcheke, wala msimwondolee kila anachokiogopa. Kaeni naye mpaka ajifunze kukikabili. Mkishindwa, mleteni kwa anayejua kutibu, kama mnavyomleta mwenye homa.”

Fundi akaitikia kwa kichwa.

“Sasa nataka kuongea na Cheche, sisi wawili tu,” mshauri akasema. “Tokeni.”

Wazazi walipotoka, Cheche aliinuka, akashika kitasa, akaubamiza mlango kwa kishindo hadi madirisha yakatikisika.

“Ukorofi huo!” Mama akapiga kelele kutoka nje.

“Mwache,” fundi akasema. “Kaufunga mwenyewe.”