Sahani Moja, Mbwa Wawili

Huko Mantapala, makazi ya wakimbizi nchini Zambia, watu wengi huamshwa na sauti ya kinu. Angèle aliamshwa na mbwa. Kabla hajafunga kitenge vizuri, kabla hajawasha moto, uani kulikuwa tayari na vita.

"Munaanza tena!" alipiga kelele. "Hata jua haiyatoka, muko munapigana! Munanichokesha!"

Alichukua mwiko akawatandika wote wawili. Wakaachana. Kisha akafanya kama alivyofanya kila siku. Aliwakamata shingoni, akawasogeza pua kwa pua, akawaambia wapatane. Mbwa mmoja akanguruma. Mwingine akaonyesha meno. Angèle akawaachia, akidhani kazi imekwisha.

Mbwa mkubwa aliitwa Pasiansi. Umri ulikuwa umeanza kumtupa mkono. Angèle alimlea tangu mdogo, walipofika kutoka Kongo na kupewa shamba. Mwaka ambao Baudouin, mume wake, alilazwa hospitalini, Pasiansi ndiye aliyelala mlangoni. Siku hizi alilinda mihogo inayoanikwa uani. Mbuzi wa majirani walimjua vizuri.

Mbwa wa pili, Ministre, aliletwa na Baudouin kutoka Mununga alipokwenda kununua samaki. Alikuwa kijana, ana nguvu, na hampishi yeyote. Tangu alipofika, nyumba haikujua amani.

Angèle hakuelewa kosa liko wapi. Watoto wake, Princesse na mdogo wake Sagesse, hula bukari, yaani ugali, kutoka sahani moja. Ndivyo alivyolelewa yeye mwenyewe. Mama yake alisema mtoto anayekula peke yake atakuwa mchoyo. Kwa hiyo mbwa nao waliwekewa sahani moja, katikati ya ua. Ukoko wa bukari na vichwa vya samaki, vyote pamoja. Wapende wasipende, watakula kama ndugu.

Mchana mmoja alikuja Ennie, mama wa Kizambia kutoka Kafutuma. Ennie huanika samaki kando ya ziwa, na anafuga mbwa watatu wa kuwalinda. Alikuwa amebeba beseni la samaki wakavu ili abadilishane na mihogo. Kiswahili alijifunzia sokoni, na Kibemba chake hakikosi kuchungulia.

Angèle aliweka sahani ya mbwa chini, akaanza kuchagua samaki. Ministre akaingiza kichwa kwenye sahani. Pasiansi akanguruma. Mara wakarukiana, na Sagesse, ambaye ndio kwanza amejua kutembea, alikuwa hatua chache tu kutoka kwao.

Angèle alimnyakua mtoto. Baudouin alitoka mbio, akaingiza mkono katikati ya mbwa ili amkamate Pasiansi shingoni.

"Awe, hapana! Usitie mukono!" Ennie alipaza sauti.

Alichelewa. Baudouin alikuwa ameshaumwa, damu inamtoka. Ennie alimwaga samaki wake kwenye mkeka, akapiga beseni kwa jiwe. Mbwa hawakusikia. Akainua ndoo ya maji, akawamwagia yote kichwani. Wakashtuka, wakaachana kidogo. Hapo hapo akasukuma kipande cha bati katikati yao. Ministre akaenda upande huu, Pasiansi upande ule.

"Mayi yangu!" Angèle alilia. Alikuwa amepanga foleni kwenye bomba asubuhi nzima. "Mayi yangu ya kunywa!"

"Mayo, mama yangu, unalilia mayi? Angalia bwana yako!" Ennie alimjibu.

Baudouin alikuwa anaita aletewe pilipili na majivu aweke kwenye kidonda.

"Hapana pilipili," alisema Ennie. "Sabuni, na mayi ya kutiririka. Robo saa nzima. Halafu kiliniki, leo hii, hapana kesho."

"Lakini ni kidonda kidogo tu," alisema Baudouin.

"Kichaa cha imbwa hakiangaliake kidonda kidogo. Ukingoja mupaka kinaanza kukuonyesha alama, hakuna dawa tena."

Ikabidi Princesse akimbilie kwa jirani kuomba ndoo nyingine. Baudouin aliosha mkono mpaka akachoka. Kisha wakaenda.

Kliniki walimpiga sindano ya kwanza, wakamwambia arudi kwa nyingine bila kukosa. Aliposema anakwenda kuwaua mbwa, muuguzi alikataa. Mbwa aliyeuma afungwe, aangaliwe siku kumi. Akibadilika au akifa, watoe habari mara moja. Akiuawa leo, nani atajua kama alikuwa na kichaa?

"Sawa," alisema Baudouin walipofika nyumbani. "Siku kumi. Kisha Levy anakuya kukamata Pasiansi."

Levy ni mwindaji. Kila mtu alijua kwamba mbwa wa Levy hawazeeki. Huishia kwenye mitego huko porini.

Angèle alitaka kulia. Badala yake akakasirika.

"Ministre njo alianza!"

"Pasiansi njo aliniuma."

"Uliona wapi? Mukono yako ilikuwa mu kinywa ya bote mbili!"

Baudouin alikuwa ameamua.

Kesho yake Ennie alirudi kuchukua beseni lake, ambalo sasa lilikuwa limebonyea. Angèle alimweleza yote: sahani moja, mwiko, kupatanisha pua kwa pua. Ennie alicheka mpaka akakaa chini.

"Mayo, imbwa haiko mutoto wa Sande Skulu! Mutoto anajua mama ataongeza. Imbwa hajue. Anawaza, huyu akikula, miye ninakufa na njaa. Ile sahani yako moya njo inaleta vita."

"Na mwiko?"

"Unamupiga, anasikia maumivu, na anaangalia nani? Mwenzake. Anawaza ni ule njo anamuletea maumivu. Kesho anamuchukia zaidi. Na kubasogeza pua kwa pua, hasira haiyapoa? Weye na mushemeki wako mukigombana, nikibafunga kamba moya, mutapendana?"

Angèle alimfikiria shemeji yake. Hapana, wasingependana.

"Alors, nifanye nini?"

"Kila moya na sahani yake. Moya nyuma ya jikoni, moya kule ku kibanda. Basionane. Bakimaliza, toa sahani, usiache hata mufupa. Na batoto bakae mbali wakati imbwa inakula."

"Imbwa mbili, sahani mbili, kona mbili!" Angèle alifoka. "Na miye niko na mikono ngapi?"

"Mbili," alisema Ennie. "Inatosha."

Angèle alinung'unika, lakini alifanya. Mbwa walifungwa mbalimbali, kila mmoja na kivuli chake na maji yake. Kila siku alizunguka na sahani mbili, akijiambia kwamba hata mama mkwe hakuwahi kumchosha hivi.

Baadaye alikuja Mubanga, afisa wa mifugo. Aliwakuta mbwa wote wazima. Alipogusa sikio la Pasiansi, mbwa alilia. Ndani kulikuwa na kidonda kibichi.

"Mwenye maumivu anakasirika mbio," alisema. "Haiko roho mubaya."

Alitibu sikio, akawachoma mbwa wote chanjo ya kichaa, na akasema irudiwe kila mwaka. Akawaambia pia wakitaka, atawahasi mbwa. Mara nyingine inapunguza ugomvi wa madume, lakini sahani zibaki mbili.

Siku kumi zilipokwisha, hawakuwafungulia kwa pupa. Baudouin alishika kamba ya Ministre, Angèle ya Pasiansi. Walikwenda nao shambani, huyu mbele, yule nyuma. Mbwa mmoja alipokaza macho na kusimama wima, waliwageuza kabla ya kelele kuanza. Taratibu wakazoea. Hawakupendana, lakini waliacha kuraruana, na Angèle akaanza kuamka na kinu kama watu wengine.

Ndipo Levy akaja na baiskeli yake.

Angèle alikuwa anatwanga. Alipomwona, akatwanga kwa nguvu zaidi.

"Imbwa ya kupigana eko wapi?" Levy aliuliza.

Baudouin aliangalia ua. Pasiansi alikuwa amelala kando ya mihogo. Ministre alilala upande wa pili, amegeuza mgongo. Mbuzi wa jirani alichungulia, akamwona Pasiansi ameinua kichwa, akarudi alikotoka.

"Levy, unisamehe," alisema Baudouin. "Imbwa haiendi."

"Nilitoka mbali na hii kinga," alisema Levy akiigonga baiskeli, "jua yote hii, na unaniambia haiendi?"

"Najua. Nitakupa kuku. Princesse! Kamatia papa Levy ule kuku mwekundu."

Kuku mwekundu alikuwa wa Angèle. Hakuna aliyemwuliza. Alifungua kinywa, maneno yote yakiwa tayari ulimini.

Kisha akakifunga. Princesse alikuwa anajivuta, na Baudouin ni mtu wa kubadili mawazo. Angèle aliutupa mchi, akajifunga kitenge, akamkimbiza kuku mwenyewe.