Spana ya Nusu Inchi

Jioni ile Kauthar binti Abdulrahman alipanda barabara ya vumbi juu ya Tengeru kwa shughuli ya kawaida kabisa: kulitambua trekta. Mwenyewe, mzee Reginald, alituma ujumbe mpaka gereji yake ya Daraja Mbili. Klachi imekwisha nguvu, masika yamekaribia, na kila duka la vipuri analoingia anaulizwa, "Trekta aina gani?" naye hana jibu. Ulikuwa mwaka wa tisini na nne. Maduka ya Arusha yalikuwa yamefurika vitu vya Dubai mpaka barazani, lakini duka lenye kila kitu bado linataka ujue unachotafuta.

Hiyo ndiyo sababu aliyowaambia watu. Sababu ya moyoni ilikuwa nyingine. Trekta hilo ndilo lililomuua baba yake.

Miaka minane nyuma, fundi Abdulrahman aliitwa na huyu huyu Reginald, wakati huo mtunza stoo wa shamba la umma, aunge matrekta matatu mabovu litoke moja zima. Siku ya tatu likamlalia. Maiti ililetwa nyumbani imeshakoshwa, imeshavikwa sanda, pamoja na ushauri kwamba isifunguliwe kwa sababu haitazamiki. Haikufunguliwa. Njiani kwenda makaburini baba yake mdogo, Uwesu, alinong'ona kwamba marehemu ana uzito wa maji, kama mgomba mbichi. Wakubwa wakamkemea.

Kauthar naye alimkemea. Alikuwa chuoni anasomea zana za kilimo, na hakuwa na subira na habari za misukule, hao watu wanaozikwa kumbe kaburini kumelazwa mgomba, wenyewe wamefichwa mahali wanalimishwa. "Kama uchawi unalima," alizoea kusema, "mbona tunakufa njaa?"

Alitaka tu kukiona kitu kilichomlalia baba yake. Akione, akijue, kisha apate usingizi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama fundi. Na wa kukushikia spana yuko wapi?"

"Nazishika mwenyewe."

Reginald alicheka kwa adabu, akamtangulia. Banda lilikuwa nyuma ya nyumba, limebanwa na migomba pande zote. Ndani kulinuka dizeli iliyolala. Na udongo. Udongo uliochimbuliwa sasa hivi...

Kauthar alitazama chini. Sakafu ilikuwa ya saruji, kavu, haina hata ufa.

Alilizunguka trekta na tochi. Injini ya Ford. Giaboksi ya Massey. Ekseli ya nyuma ya Valmet. Yote yamepakwa kijani kimoja kwa brashi ya ukuta, kama waombolezaji wa matanga matatu walioshonewa sare moja. Kati ya injini na giaboksi palikuwa na bamba la chuma, nene kama kidole, lililochongwa kwa tupa na mkono mtupu mpaka likalingana pande zote mbili.

"Hili halina jina, mzee. Lina mama watatu."

"Ndiyo maana nimekuita. Mkono wa baba, mwana ataujua."

"Mafundi wengine walikuja?"

"Walikuja. Hawakurudi." Alisema kama anayesimulia wateja wa duka. "Ngoja nilete taa."

Kauthar alitandika gunia, akajisukuma chini ya trekta. Kitu cha kwanza kuangukiwa na mwanga wa tochi kilikuwa waya unaofunga vichwa vya bolti zisilegee. Msokoto wake ulikwenda kushoto.

Baba yake alikuwa mashoto.

Utoto wake wote aliupitisha chini ya magari pamoja naye, akifundishwa sheria moja kabla ya nyingine yoyote: aliye chini akigonga chuma mara tatu, usiwashe. Mtu yupo. Na kwa kumbukumbu hiyo, bila kufikiri, akafanya alichokuwa akifanya siku zile. Alinyoosha mkono nje ya trekta.

"Kumi na tatu."

Spana ikatua kiganjani.

Ilikuwa ya baridi. Aliitia kwenye bolti ya kwanza ya kifuniko cha klachi, ikakaa barabara. Ikakaa mno. Akaisogeza kwenye mwanga.

Haikuwa ya milimita kumi na tatu. Ilikuwa nusu inchi.

Bolti zile ni za inchi. Kumi na tatu ingezikubali kwa uongo, kisha ingezila kona. Kosa hilo hilo lilimpatia kofi la mkono akiwa na miaka kumi na miwili.

"Umejuaje, mzee?"

Akainua sauti.

"Mzee Reginald?"

"Naja, mama fundi!" Sauti ilitoka mbali, jikoni, ng'ambo ya migomba. "Utambi umegoma!"

Mtu mwenye akili angetoka pale. Kauthar alikuwa na akili na alikuwa na diploma, na diploma ikashinda. Alijiambia spana alikuwa nayo mwenyewe, amesahau. Akafungua bolti, kifuniko kikashuka, na gasketi, karatasi ya kuzibia, ikabaki imening'inia. Ilikuwa ya boksi la sabuni, iliyokatwa kwa kugongwagongwa na nyundo, kama baba yake alivyozikata siku zote. Upande wa ndani palisomeka maandishi ya bluu. *Dubai.* Chini yake, tarehe ya kutengenezwa.

Mwezi wa tisa, tisini na tatu.

Baba yake alizikwa themanini na sita.

Mwanafunzi wake, Kauthar alijiambia. Kuna mtu alijifunza mkono wake. Inawezekana. Hata leo anasema inawezekana. Akaikaza klachi, bolti kwa bolti, ili isije ikasemwa Tengeru nzima kwamba fundi mwanamke alikimbia kipande cha boksi. Akarudisha kifuniko, akatoka.

Reginald aliingia na taa. Akaitundika, akapanda kwenye kiti.

"Tujaribu."

*Ngo. Ngo. Ngo.*

Kutoka chini. Chini ya trekta... chini ya saruji.

"Umesikia?" Kauthar alinong'ona.

"Huwa linagonga," Reginald alisema, akitafuta ufunguo mfukoni. "Likiwaka, linanyamaza."

"Shuka, mzee."

"Mama fundi..."

"Shuka! Lina hewa kwenye dizeli." Alikuwa ameshafika kwenye injini. Aling'oa vibomba vinne vya dizeli, kimoja kimoja. "Naenda navyo gereji. Nitarudi navyo kesho."

Reginald alimtazama bila hasira. "Limelala tangu mwezi wa kumi," alisema kwa upole. "Kwa klachi hiyo tu. Kupumzika kwingi nako si kuzuri."

Nyumbani Kauthar alikunjua turubai la spana za marehemu. Kila spana na mfuko wake, na mfuko mmoja mtupu tangu siku ya msiba: wa nusu inchi. Aliyokuwa nayo ilichongwa herufi A na R, alama ya baba yake, kwenye mpini. Akairudisha kwenye mfuko huo mtupu, akavikunjia vibomba ndani, akalifunga turubai kwa waya. Kisha akaenda kwa Uwesu.

"Baba mdogo. Ule mgomba ulioutaja..."

"Leo ndiyo unauliza?"

"Kesho tukaivunje saruji ya Reginald."

Uwesu aliinuka. Alitafuta mtaimbo.

Asubuhi turubai lilikuwa pale pale mezani, limefungwa. Msokoto wa waya ulikwenda kushoto. Ndani hapakuwa na vibomba. Mfuko wa nusu inchi ulikuwa mtupu.

Jirani yake Twahira alikuwa akirudi na nyanya za Tengeru. "Hongera, shoga, mkono wako mtamu! Mzee Reginald kashalima shamba lote, usiku mmoja!"

"Nani alikuwa anaendesha?"

"Nani ajuaye? Wanasema lililima bila taa."

Saruji waliivunja mchana ule ule, Reginald akiwashikia hata karai. Chini yake palikuwa na udongo mgumu wa miaka, haujaguswa. Kaburi la baba yake kule Daraja Mbili hakuna aliyethubutu kulifungua.

Mengine Kauthar ameyapatia majibu, au anajidai ameyapata. Moja halina dawa. Tangu mwezi wa kumi trekta lilikuwa limelala, na kama kuna aliyekuwa akilihudumia, naye alikuwa amepumzika. Aligonga mara tatu, kama alivyomfundisha: usiwashe, mtu yupo.

Na klachi iliyomrudisha kazini alikuwa ameshaikaza Kauthar mwenyewe.